Kabla Hujampulizia Dawa Huyo Mnyoo wa Bafuni

Ndugu na jirani wamezoea kunitumia picha za wadudu wanaowakuta ndani ya nyumba. Nyingi huingia usiku, zimepigwa kwa haraka, zina ukungu, na ujumbe wake haubadiliki: "Huyu ni mnyoo gani? Ametoka tumboni mwa mtoto?" Nikiuliza kama bado yupo, jibu ni kwamba ameshapuliziwa dawa, akafagiliwa, akamwagiwa maji chooni. Basi, ushahidi umekwenda, na kesho yake wengine wako palepale.

Ombi langu la kwanza, kwa hiyo, ni umfunike. Glasi inatosha. Wengi wao hawana mbio (isipokuwa tandu, nitamfikia), na dakika chache za kumtazama zitakuokolea kopo zima la dawa.

La pili, kumbuka umemkuta wapi, na kama alikuwa peke yake au walikuwa wengi. Nimekuja kuona kwamba mahali hueleza mengi kuliko rangi. Wengi wanaoitwa minyoo ndani ya nyumba ni watoto wa wadudu: wa nzi, wa nondo, wa mbawakawa, wa viroboto. Mtoto wa mdudu ama yumo ndani ya chakula chake, ama ametoka humo punde tu, ameshiba, anatafuta pahali pakavu pa kujigeuza kuwa mdudu kamili. Ukikipata hicho chakula ukakiondoa, umemaliza kazi.

Kisha mwili. Mweke kwenye sahani nyeupe, laza rula kando yake, umkuze kwa kamera ya simu, na utafute miguu. Mnyoo wa kweli hana miguu hata mmoja, hana vipapasio, wala hana kichwa kigumu chenye rangi tofauti na mwili. Ukiona miguu sita midogo karibu na kichwa, unamtazama mtoto wa mbawakawa au kiwavi wa nondo. Kiwavi ana na vijiguu vya ziada, laini, chini ya tumbo. Kama hana miguu, ni mweupe, upande mmoja umechongoka na mwingine ni butu, huyo ni funza wa nzi. Utaona vidoa viwili vya kahawia kwenye upande butu, na watu wengi huapa kwamba ndiyo macho. Ni matundu ya kupumulia. Mdomo uko kule kwenye ncha.

Bafuni ndiko zinakotoka picha nyingi kuliko kwingine. Ni kijidudu chembamba, cha kijivu, hakifiki sentimita moja, kinajinyonganyonga kando ya tundu la maji. Ukimkuza utaona kichwa cheusi upande mmoja, na upande wa pili mrija mfupi, nao mweusi. Huyu ni mtoto wa yule nzi mdogo mwenye manyoya, anayefanana na nondo, anayekaa ukutani bafuni na ukimgusa anakuachia vumbi la kijivu kidoleni. Nilimweka mmoja kwenye kisahani cha maji nikamtazama: alikuwa akipinda mwili mpaka ncha ya mkia iguse uso wa maji, anatulia hapo akivuta hewa, kisha anazama tena. Ndivyo anavyoishi ndani ya bomba. Mwili umezama kwenye ule utando wa utelezi wa sabuni, nywele, uchafu wa ngozi na bakteria, na mkia tu ndio unaochungulia nje.

Hapo ndipo dawa nyingi zinaposhindwa. Klorini ukiimimina hupita juu ya utando na kwenda zake, utando unabaki na mayai yake. Kinachofaa ni brashi. Fungua kifuniko cha tundu, vuta nywele zote, sugua kuta za bomba kwa brashi ndefu mpaka utelezi uishe, ndipo umwage maji ya moto. Kama mabomba ni ya plastiki, yasiwe yanayochemka. Rudia kila baada ya siku chache kwa muda wa wiki tatu hivi, maana kutoka yai hadi nzi kamili huchukua kati ya wiki moja na tatu. Na kama hujui ni tundu lipi, usiku sakafu ikikauka, bandika selotepu juu ya kila tundu, gundi ikitazama chini, bila kuziba kabisa. Lile lenye nzi walionasa asubuhi ndilo. Ikiwa hakuna hata moja na nzi bado wapo, anza kuwaza bomba lililopasuka chini ya sakafu, na hapo mwite fundi.

Funza weupe wakionekana sebuleni, mbali kabisa na pipa la taka, watu huchanganyikiwa. Hawakuzaliwa hapo. Funza akikomaa huacha uozo na kutambaa kutafuta pahali pakavu, na huenda mbali. Kama wanadondoka kutoka darini, tafuta panya aliyekufa huko juu. Ukikuta pembeni mwa zulia vidude vigumu vya rangi ya kahawia mfano wa mbegu, hao ni walewale, sasa wamo ndani ya maganda, na nzi wako njiani.

Jikoni ni kesi nyepesi. Kiwavi wa rangi ya maziwa mwenye kichwa cha kahawia akipanda ukuta kuelekea dari ametoka kwenye unga, nafaka au karanga. Fungua kila mfuko, na ule wenye nyuzinyuzi zilizoshikanisha unga mabonge ndio wa kutupa.

Ukutani karibu na dari kuna mwingine ambaye binafsi nampenda, ingawa sijapata mtu wa kukubaliana nami. Ni kifuko bapa cha kijivu mfano wa mbegu ya tikiti, kimejengwa kwa hariri, mchanga na vumbi. Unadhani ni kipande cha plasta, mpaka kichwa kitokee kwenye ncha moja na kuanza kukikokota. Ukimgusa anajivuta ndani, anageuka humo humo, na baada ya kitambo anatokea ncha ya pili. Ni mtoto wa nondo. Hula utando ulioachwa na buibui, nywele na manyoya. Fagia utando wa buibui, punguza unyevu, hatakaa.

Kwenye zulia na kabati la nguo za sufu, mdudu mfupi mwenye nywele nyingi na mistari ya kahawia ni mtoto wa mbawakawa wa mazulia. Usimshike kwa vidole, nywele zake huwasha. Palipo na mbwa au paka, chunguza malazi yake: vijidudu vyembamba vyeupe vinavyokimbia mwanga ni watoto wa viroboto. Hapo utalazimika kufua malazi kwa maji ya moto na kumtibu mnyama mwenyewe. Kufagia peke yake hakutoshi.

Mvua ikinyesha wageni huwa wa nje. Jongoo hujikunja akiguswa na hufa mwenyewe kwa ukavu. Mfagie tu, ila ukimshika nawa mikono, maji anayotoa huweza kuunguza ngozi. Tandu ni habari nyingine. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika sehemu nyingi za mwili wake, tandu ana jozi moja kila sehemu, ana kasi, na anauma kwa sumu. Nyungunyungu ana pete mwili mzima na hadhuru mtu. Akionekana mrefu, bapa, anateleza kwa ute, kichwa kimetanuka kama mwezi mchanga, huyo ni mnyoo bapa wa ardhini. Usimkate, kwa sababu vipande vinaweza kukua kuwa minyoo wapya, na usimshike kwa mkono mtupu, ana sumu ya aina ileile ya samaki bunju. Yupo na mwingine anayenidanganya hata mimi kwa sekunde moja: mweusi, anang'aa, mwembamba, hana pete. Ukitazama vizuri ana magamba na anatoa ulimi. Ni nyoka kipofu, mdogo, hana madhara, na amesambaa duniani kwa kusafirishwa ndani ya vyungu vya maua. Wote ni majike, wanazaa bila dume.

Sasa choo, maana hofu yote ilianzia hapo. Uzi mgumu wa kahawia wenye urefu wa sentimita kumi, ishirini au zaidi, unaojikunja mafundo ndani ya maji, haukutoka kwa mtu. Ni mnyoo aliyekuwa anaishi ndani ya nyenje, vunjajungu au mende, na mwenyeji wake alipofika majini akatoka. Hadhuru mtu wala mnyama wa kufugwa.

Wanaotoka kwa watu ni wachache na wana sura zao. Mchango mkubwa hufikia sentimita 20 hadi 35, ni mweupe au wa waridi, umechongoka pande zote mbili, na hauna pete; kwa pete unamtenga na nyungunyungu aliyeingia chooni kwa njia zake. Vijinyoo mfano wa nyuzi nyeupe, milimita 8 hadi 13, pamoja na mtoto anayejikuna makalio usiku, ni minyoo ya uzi, na hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja. Vipande bapa vyeupe vinavyosogea ni vya tegu. Kwa hawa wote chukua sampuli kwenye kichupa safi uende hospitali, usianze kubahatisha vidonge. Punje mithili ya mchele kwenye malazi ya mbwa au paka pia ni vipande vya tegu, huyu wa kuambukizwa na viroboto. Mpeleke mnyama kwa daktari wa mifugo.

Kuna picha nyingine ambazo ndani yake hakuna kiumbe: uzi wa nguo, ganda la ngozi, nyuzi za ndizi kinyesini. Mtu akikusanya vitu hivyo siku baada ya siku, akihisi vinatambaa chini ya ngozi, usimcheke. Mwasho ni wa kweli hata kama mnyoo hayupo, na daktari ana mengi ya kuchunguza hapo, kuanzia ngozi hadi dawa anazotumia na usingizi wake.

Akikushinda kabisa kumtambua, na hakutoka mwilini mwa mtu wala mnyama, mfuge. Kopo safi, kitambaa chepesi mdomoni badala ya kifuniko, na ndani yake kiasi kidogo cha kile ulichomkuta nacho, uwe unga, utando wa bomba au vumbi la zulia. Andika ubavuni tarehe na chumba. Baada ya siku au wiki kadhaa atatoka nzi, nondo au mbawakawa, na mdudu kamili ni rahisi kumtambua kuliko mtoto wake. Picha ya huyo nitumie hata saa sita usiku.