Jibu: Je, uhalisia pepe unafaa kufundishia tiba ya nyuklia?

Ndugu, umeuliza kama miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mtu mazingira ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake, inaweza kumwandaa mwanafunzi wa tiba ya nyuklia, yaani tiba inayotumia dawa zenye mionzi, kabla hajagusa dawa hizo. Inaweza, na kwa jambo moja inalishinda darasa kabisa: mionzi haionekani kwa macho, lakini ndani ya miwani inaweza kupakwa rangi. Mwanafunzi akirudi nyuma kutoka mita 1 hadi mita 2 kutoka kwenye kichupa cha dawa, anaona kiwango cha mionzi kikishuka hadi robo. Akijikinga nyuma ya ngao ya metali ya risasi, rangi inafifia. Kanuni ya kujikinga na mionzi, yaani muda mfupi, umbali mkubwa na kinga, inamwingia mwilini.

Anaweza pia kumwaga dawa sakafuni, kisha azuie watu, afunike, asafishe na kupima, mara kumi akitaka, bila yeyote kupata mionzi. Teknishiamu-99m halisi, mojawapo ya dawa hizo zenye mionzi, hupungua nusu kila saa 6. Si dawa ya kuchezea mazoezini wakati mgonjwa anaisubiri.

Ila uzito wa bomba la sindano lililovikwa ngao, na mshipa unaokwepa, hayo mkono hujifunza kwa vitu halisi tu, msimamizi akiwa pembeni. Mimi ningeanza na miwani, kisha bomba lenye maji ya kawaida, mgonjwa baadaye.