Mada ya bahari kwa watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea)

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanyeje ili mada ya bahari isiishie kwenye picha za ukutani, hali watoto wako wa miaka 4 hapa Lamu huchoka upesi. Tandika mkeka uwe jahazi, tundika leso iwe tanga, kisha waachie wenyewe wachague nani nahodha, nani baharia na nani mchuuzi wa samaki, kwani ni katika kubishania bei ya samaki watano wa karatasi, aina ya changu, ndipo wanapohesabu bila kusukumwa. Beseni la maji lenye vifuu vya nazi, kimoja kikiwa kimetobolewa, litawaonyesha jinsi chombo kinavyozama. Usiwaeleze mapema, wala usiondoke hapo. Simbi ndogo (makombe ya konokono wa baharini) ziepuke, maana huishia mdomoni.