Posa, Sonona ya Mama na Jeni Iliyobebeshwa Lawama

"Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 27, ninaishi Ngamiani, Tanga. Mama yangu aliwahi kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi kwa sonona. Sasa nimeletewa posa, na nimesoma kwamba ugonjwa huo hurithiwa kupitia jeni fupi ya serotonini. Mimi nami nikifokewa hutetemeka mikono. Je, nipime jeni hiyo kabla ya kujibu?"

Marahaba, mwanangu. Fedha ya kipimo hicho iweke kwa shughuli nyingine.

Serotonini ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana taarifa, na jeni uliyoisoma ndiyo inayoongoza utengenezaji wa protini inayoirudisha kemikali hiyo ndani ya seli ikishamaliza kazi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hofu na hasira huku ubongo wao ukipigwa picha, wakaona kwamba kwa wenye umbo fupi la jeni hiyo, amigdala, yaani sehemu inayotung'amulia hatari, iliamka kwa nguvu zaidi. Mwaka uliofuata, utafiti wa New Zealand ukadai kwamba watu hao wakipatwa na mikasa huugua sonona kuliko wenzao. Wasimuliaji wengi wameishia hapo, jambo linaloniudhi, kwa sababu uchambuzi wa mwaka 2019, uliotumia taarifa za mamia ya maelfu ya watu, haukupata ushahidi kwamba jeni hiyo inabashiri sonona.

Kurithi kupo, sikufichi. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba takriban asilimia 37 ya tofauti baina ya watu katika kupata sonona inatokana na urithi (haina maana kwamba wewe una nafasi 37 katika 100 za kuugua), lakini urithi huo umetawanyika katika jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo sana.

Mikono kutetemeka unapofokewa, kisha ikatulia ugomvi ukiisha, si sonona. Ukikosa raha, usingizi na hamu ya kula karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda hospitali ya Bombo ukaonane na daktari.

Kuhusu posa, mweleze mchumba wako habari za mama kabla mshenga hajapewa jibu, maana akizisikia kwa majirani zitamfikia zimeongezwa chumvi. Na Mungu akikujaalia ujauzito, mwambie muuguzi wa kliniki tangu hudhurio la kwanza kwamba mama aliugua sonona, hata asipokuuliza, ili akufuatilie hadi baada ya kujifungua.