Mkuu, usilipie hiyo "kali ya kale" kabla hujamuuliza huyo mwalimu swali moja

Mkuu, usitume hiyo hela. Umeuliza kati ya kali, arnis na eskrima, majina ya mapigano ya fimbo ya Ufilipino, ipi ndiyo ya asili, ununue fimbo za aina gani, na kama kozi ya mtandaoni yenye cheti inafaa. Halafu ukabandika maneno ya huyo mwalimu, eti kali ndiyo "mama wa mitindo yote" ya Ufilipino na hizo nyingine ni makombo ya Mhispania. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi, na hela niliyolipa ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Nilikuwa kibaruani Dubai. Kwenye maegesho ya jengo letu kulikuwa na mzee mmoja wa Kifilipino, mwenyeji wa Cebu, ambaye siku za mapumziko aliwafundisha vijana wa kwao bila kudai chochote. Kila mtu fimbo moja ya henzirani. Mzee anarusha pigo, mwanafunzi anakinga, na hapo hapo mkono wa kushoto unashika au kusukuma fimbo ya mwenzake kabla haijarudi. Polepole, kisha haraka, mpaka fimbo zinachanika nyuzi na unasikia harufu ya kuungua pale zinapogongana. Akaniita nijaribu. Nikamuuliza huu mtindo unaitwaje, akasema Balintawak. Ni kali? Akasema hapana, ni eskrima. Nikamshukuru nikaenda zangu, maana yule tapeli wa mtandaoni alishanijaza kwamba ukisikia jina la Kihispania ujue unapewa feki.

Nikarudi kwa tapeli wangu. Kila ngazi unalipa dola, kila ngazi anakufundisha kuzungusha fimbo mbili hewani mbele ya simu, hakuna mtu wa kukupiga wala wa kukinga. Cheti kilikuja kizuri sana, kina panga mbili za dhahabu. Siku niliyosimama na kijana mmoja wa yule mzee, alinigonga kifundo cha mkono kwa pigo la kwanza, fimbo yangu ikaanguka chini. Nikaenda kumtafuta mzee. Mkataba ulikuwa umeisha, karudi kwao.

Sasa sikiliza nilichokikataa. Balintawak ni jina la mtaa wa Cebu. Venancio Bacon, waliyemwita Anciong, alijitenga na klabu ya Doce Pares akaanzisha kundi lake mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakifanya mazoezi nyuma ya duka la fundi saa ambaye alikuwa mwanafunzi wake, Eduardo Baculi. Mtaa wenyewe ndio ukawa jina. Yaani unajua nani, wapi, na aligombana na nani! Na ile namna ya mwalimu kurusha mapigo na wewe kujibu, wanaiita agak, ndiyo roho ya mtindo wao. Nilikuwa naitazama kwa macho yangu, bure, nikaiacha kwa sababu ya jina.

Na hiyo hoja ya jina la Kihispania inanikera mpaka leo. Wahispania walitawala Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898. Zaidi ya miaka mia tatu, ulitaka wasiachiwe maneno? Sisi tunasema meza, bendera na leso, yote ya Mreno, na hakuna anayesema leso ya mama yake imetoka Lisbon. Doce Pares, iliyoanzishwa Cebu mwaka 1932, imechukua jina lake kwa wale mashujaa kumi na wawili wa mfalme Charlemagne. Jina la Ulaya kabisa, lakini mapigo ni ya akina Saavedra na akina Cañete wa Cebu. Utawaambia hao kwamba ni feki?

Hilo jina "kali" limesambaa sana kupitia Marekani, kwa walimu kama Dan Inosanto wa California, na wapo walimu wazuri mno wanaolitumia. Shida si neno. Shida ni anayelitumia kukufanya uwadharau wengine. Sheria ya Ufilipino namba 9850 ya mwaka 2009, iliyoifanya arnis kuwa mchezo wa taifa, inasema wazi kwamba arnis huitwa pia eskrima, kali na garrote. Serikali yao imeyaweka kwenye sentensi moja, halafu mtu anakutoza dola akutenganishie!

Atakwambia pia chifu Lapulapu alimuua Magellan, nahodha wa meli za Hispania, kwa kali pale kisiwani Mactan mwaka 1521. Pigafetta, Mwitaliano wa msafara wa Magellan, alikuwepo vitani na akaandika: mishale, mawe, mikuki ya mianzi, panga lililomjeruhi Magellan mguu wa kushoto. Mtindo hakuutaja. Anayekutajia leo ameupata wapi?

Kwa hiyo muulize hivi, kabla ya shilingi yoyote: nani alikufundisha, na mlikuwa mnafanyia mazoezi wapi? Kila mtindo una mtu wake: mwalimu wa Lameco atakutajia Edgar Sulite. Wa Modern Arnis atakutajia Remy Presas wa Hinigaran, Negros. Wa Serrada atakupeleka kwa Angel Cabales, Stockton. Wa Pekiti-Tirsia atakwambia ukoo wa Tortal. Anayejibu "mababu wa kale" na kukutumia namba ya malipo, mfungie asikupate tena.

Mimi niliuliza mtindo unaitwaje nikaishia hapo. Sikumuuliza yule mzee alifundishwa na nani, na sasa sina hata jina lake kamili la kumtafutia.

Fimbo utaelekezwa na wengine humu. Wewe kamuulize, kisha njoo ubandike jibu lake hapa, neno kwa neno, tulipekue kabla hujafungua simu kulipa.