Kwa nini Mkutano wa Moshi haukuzaa demokrasia Uganda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha sita, Moshi. Serikali ya Uganda baada ya Idi Amin iliundwa hapa hapa mjini Machi 1979, na jeshi letu la Tanzania ndilo lililomng'oa. Mbona demokrasia haikushika? Jeshi lilikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Jeshi lilifanya kazi yake. Mkutano ulifungwa Machi 26, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Tatizo ni kwamba vita ilianza ili kuikomboa Kagera, eneo letu lililovamiwa na Amin. Mpango wa kuitawala Uganda ukatungwa mwishoni, kwa haraka.

Waganda waliokuwa uhamishoni walikubaliana kuunda UNLF, umoja wa vyama vyao vya ukombozi, chini ya Yusuf Lule, pamoja na baraza la ushauri na tume ya kijeshi. Lakini rais akiteua waziri, nani anaidhinisha? Hilo halikufungwa vizuri. Lule alishika katiba ya 1967, iliyompa rais mamlaka makubwa. Baraza likashika makubaliano ya Moshi. Baada ya siku 68 baraza likamwondoa.

Shina lenyewe, kwa maoni yangu, ni bunduki. Kati ya vikundi vya Waganda vilivyopigana pamoja na jeshi letu, Kikosi Maalum kilikuwa cha watu wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na FRONASA ilikuwa ya Museveni, na kila upande uliendelea kuandikisha vijana wake. Mei 1980 Rais Binaisa, aliyemrithi Lule, alitaka kumwondoa Mnadhimu Mkuu wa jeshi, Oyite-Ojok, mtu wa Obote. Tume ya kijeshi ikamwondoa Binaisa mwenyewe. Kiongozi wa tume hiyo, Paulo Muwanga, ndiye aliyesimamia nchi wakati wa uchaguzi wa Desemba 10. Kura zikiwa bado zinahesabiwa, alipiga marufuku mtu mwingine yeyote kutangaza matokeo. Obote akatangazwa mshindi, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni kupigana na serikali hiyo.

Askari wetu walikuwa bado wapo Uganda. Wangeingilia, wangeitwa watawala wa kigeni. Walipokaa kimya, walioshindwa waliwaona wako upande wa Obote. Jeshi la nje halina njia safi ya kutoka hapo.

Uganda vikosi viliachwa na bunduki zao; Iraq ilikuwa kinyume chake: Mei 23, 2003 utawala wa Marekani ulilivunja jeshi lote kwa amri moja, na maelfu kwa maelfu ya watu waliofunzwa vita wakabaki bila mshahara.

Kwa mdahalo wenu, msianzie na tarehe ya uchaguzi. Ulizeni kwanza askari wanalipwa na nani, wanamtii nani, na matokeo ya kura yanatangaziwa kituoni au ofisini kwa mtu mmoja.