Maswali ya Wasomaji: Malindi Hutembelewa kwa Kufuata Maji

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni familia ya watu 5 tunaoishi Naivasha. Watoto wetu wamekulia kando ya ziwa. Wamepanda mlima Longonot na kuendesha baiskeli Hell's Gate, lakini hawajawahi kuiona bahari. Tutakuwa Malindi kwa siku 4 mwezi wa Desemba, na hatupendi kushinda hotelini. Tuanzie wapi?
*Mama wa watoto watatu, Naivasha*

JIBU: Karibuni Malindi, mama. Kabla sijakutajia hata mahali pamoja, nakuomba ufanye jambo ambalo mtu wa ziwani halazimiki kulifanya: utafute kalenda ya Kiislamu, uone siku zenu 4 zinaangukia tarehe ngapi za mwezi. Maji ya Naivasha hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka. Yetu hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, huwa ni bamvua, ambapo bahari hujaa sana na kisha kupwa sana, tofauti ikifikia mita 3 hivi. Siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi. Karibu na tarehe 8 na tarehe 22 ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na kupwa kwa mchana huangukia alasiri. Ukilijua hilo, mipango mingine yote itajipanga yenyewe.

Chukua mfano wa matumbawe. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Watamu, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Nimewaona wageni wengi wakikodi mashua wakati maji yamejaa, wakarudi wakisema hawakuona kitu. Matumbawe hutazamwa maji yakiwa yamepwa, kwa sababu hapo kina ni kifupi, mwanga wa jua hufika chini, na mwamba wa nje huyavunja mawimbi yasiingie ndani. Mtoto asiyejua kuogelea asilazimishwe kushuka. Mashua zenye kioo sakafuni zipo, naye ataona samaki wa kila rangi akiwa ameketi. Muombe nahodha awaoneshe majaketi ya kuokolea, matano kamili na yanayowatosha watoto, kabla hamjapatana bei. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, kwa hiyo msitegemee fedha taslimu.

Kuna jambo moja la Desemba ambalo ni lazima nikwambie. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji wetu, nao ni mto uleule uitwao Athi huko juu na Galana unapopita Tsavo. Mvua za vuli zikinyesha bara, hushuka na udongo mwingi, na kwa kuwa majira hayo upepo wa kaskazi umekwisha kuanza, maji mekundu husukumwa kusini hadi kwenye ghuba ya Malindi. Mkiikuta bahari ya hapa imegeuka rangi ya chai, msikate tamaa wala msilipie mashua. Nendeni Watamu, ambako kwa kawaida maji hubaki safi zaidi.

Hata hivyo Sabaki si mto wa kuulaumu, na mimi binafsi sehemu niipendayo kuliko zote ni pale unapokutana na bahari. Kuna vilima vya mchanga, matope mapana na maji yasiyo ya chumvi wala matamu, na ndani yake hukaa ndege wengi mno. Heroe huonekana hapo, na viboko pia, kwa hiyo watoto wenu watakutana na jirani wanayemfahamu. Nendeni alfajiri pamoja na kijana wa hapo anayeijua njia, wala msikaribie maji bila yeye, kwani watu wa Naivasha hamhitaji kuelezwa kiboko ni mnyama wa namna gani.

Siku ya pili elekezeni macho kusini. Gede iko kilomita 16 hivi kutoka Malindi kwa barabara ya Mombasa, na matatu hufika bila shida. Ni mji wa Waswahili wa kale, wenye misikiti, nyumba za mawe, visima na jumba la mfalme, uliohamwa katika karne ya 17 na kufunikwa na msitu. James Kirkman aliufukua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Litafuteni kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399. Waachieni watoto wasimame hapo kidogo, wahesabu wenyewe ni miaka mingapi imepita. Mibuyu inatoa kivuli kizuri, ila msibebe ndizi mkononi, maana kima watawapokonya.

Ng'ambo ya barabara hiyohiyo kuna msitu wa Arabuko Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, ambamo anaishi sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, mwenye matako ya rangi ya dhahabu. Baiskeli inafaa, kama mlivyozoea, lakini ingieni na mwongozaji, kwani ndovu wamo. Kisha malizieni kwenye hori ya Mida. Hapo hesabu ya maji inarudi tena: mkitaka kupanda mtumbwi kati ya mikoko, nendeni yakiwa yamejaa, mkitaka ndege wanaohamia kwetu kutoka nchi za baridi, fikeni wakati maji yanaanza kuingia, kwa sababu huwasukuma ndege taratibu kutoka kwenye matope hadi karibu na ulipo.

Mnara wa Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, mtauona kwa nusu saa jioni yoyote.

SWALI: Mwanangu aliokota makombe ufuoni akataka kuyabeba nyumbani. Je, ni kosa?
*Baba Salma, Voi*

JIBU: Ndani ya hifadhi ni kosa, awe kombe au kipande cha tumbawe, hai au kilichokufa. Nje ya hifadhi pia ningemwomba mtoto ayarudishe, kwani kombe tupu ni nyumba ya duvi, yule kaa asiye na gamba la kutosha mwilini mwake, na kila anapokua hulazimika kutafuta jingine kubwa zaidi.

SWALI: Mimi ni mkazi wa Lamu. Nataka kumpeleka mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 70, aone mabonde ya Marafa. Ataweza?
*Mwana wa Mkomani*

JIBU: Ataweza, mwanangu, ikiwa mtabaki juu. Nyari, kama Wagiriama wanavyopaita, ni korongo lililochimbwa na mvua katika mawe ya mchanga, na uzuri wake wote uko katika matabaka ya rangi: nyekundu, waridi, manjano na nyeupe. Ukingoni anaona kila kitu bila kushuka. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na ukoo tajiri uliooga kwa maziwa ya ng'ombe wake hadi ardhi ikawameza, na weupe wa mawe ndio maziwa yenyewe. Muombe mwongozaji amsimulie mama kisa hicho kwa utulivu, kwani wazee wetu hupenda kukisikiliza na kukijibu kwa visa vyao.

Fikeni mnamo saa 10 alasiri, msifike mchana, kwa kuwa ndani ya korongo joto hukusanyika na hakuna mti. Mchukulie kiti chepesi na maji ya kunywa. Rangi hukolea kuanzia saa 11 na nusu hadi jua linapozama, na dereva aambiwe mapema kwamba hamtaondoka kabla ya hapo.