Fundi wa Mtandao, Acha Kuikimbia IPv6

Msomaji mmoja ameniandikia akilalamika kwamba kamera za ulinzi alizofunga dukani hazionekani akiwa nyumbani, ingawa amefungua poti (milango ya mawasiliano) zote zinazohitajika kwenye ruta. Nilimwomba anitajie anwani ambayo ruta hiyo imepewa na mtoa huduma, naye akanitumia inayoanza na 100.72.

Anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ombi linaloingia kutoka nje huishia kwenye mitambo ya mtoa huduma, kwa sababu hapo hapajulikani limfikie mteja yupi, hivyo kufungua poti dukani hakusaidii kitu. Nilimshauri aulize kama mtoa huduma wake anatoa IPv6, toleo jipya la anwani za intaneti, na kama hatoi, aombe anwani ya umma ya IPv4, yaani toleo la zamani, ambayo mara nyingi hulipiwa.

Uhaba huu ulitarajiwa. IPv4 iliyochapishwa mwaka 1981 ina biti 32 (tarakimu za 0 au 1), yaani anwani zipatazo bilioni 4.3, na hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. AFRINIC, msajili wa anwani za intaneti wa Afrika mwenye makao Mauritius, aliingia awamu ya pili ya kubana mgao Januari 2020. IPv6 ina biti 128, zinazoandikwa kwa makundi manane ya tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, na mtandao mmoja wa kawaida huachiwa biti 64 kwa ajili ya vifaa pekee.

Nilipopendekeza toleo hili katika ofisi niliyofanyia kazi zamani, mkubwa wangu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba naleta mambo ya vitabuni, na maneno yale bado yananiuma. Sikuacha. Niliendelea kujifunza usiku kwa ruta iliyotumika, na mwezi uliopita, katika kazi yangu ya sasa, tumekamilisha mtandao unaotumia matoleo yote mawili bega kwa bega. Najivunia kazi hiyo, na ninaamini kila fundi mwenye nia ya kukua anaweza kuifanya.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni fikra. Tumezoea kuhesabu vifaa na kubania anwani, ilhali katika IPv6 unapanga mitandao: wa wahasibu, wa wageni, wa kamera, kila mmoja na fungu lake la /64, yaani biti 64 za mwanzo huutambulisha mtandao. Namba hiyo ikipungua, fungu huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo omba mgao wa /56 au /48, usiridhike na /64 moja.

La pili ni ulinzi. Wengi hudhani NAT, yaani kuweka vifaa vingi nyuma ya anwani moja, ndiyo inayowalinda, kumbe ulinzi ni kazi ya ukuta wa moto (firewall), unaochuja miunganisho. Kataa miunganisho yote inayoanzia nje, kisha ruhusu kile tu unachokihitaji.

Hata hivyo, usizuie ICMPv6, yaani ujumbe wa taarifa na makosa wa IPv6, yote kwa mazoea ya zamani. Vifaa huitumia kutambuana na kuipata ruta, na ruta ya njiani yenye kikomo kidogo cha ukubwa wa pakiti (kipande cha data) huitumia kumwarifu mtumaji apunguze. Ukiizuia, tovuti nyingine zitafunguka na nyingine zitakwama, nawe utabadilisha nyaya zisizo na hitilafu yoyote.